Wajane Kumi na Mmoja wa Fundi Makungu

Nchi yenyewe ipo, na ni nchi njema. Ina mito, ina mashule, ina bendera inayopepea hata siku zisizo na upepo, maana yupo mtu aliyeajiriwa kuipepea. Jina lake hatulitaji. Anayeijua anaijua, na asiyeijua amshukuru Mungu alale.

Nchi hiyo ilikuwa na mikoa kumi na mmoja, na kila mkoa ulikuwa na macho ya kuutazama mwingine. Zamani, picha za sinema zilipotengenezwa, waliopendana ndani yake walikuwa watu wa Mkoa wa Juu, waliooana wa Mkoa wa Juu, na waliofungua mlango wakasema "karibu bwana" walikuwa watu wa Bondeni. Watu wa Bondeni walinung'unika miaka ishirini. Serikali ikawasikia. Haikuwa desturi yake kusikia, lakini mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Ikapitishwa Sheria ya Kila Mtu Awemo: picha yoyote, ndefu au fupi, mikoa yote kumi na mmoja iwemo, kwa kipimo kimoja, isizidi isipungue. Jambo jema kabisa, nani atalikataa? Mwaka wa kwanza ikatoka picha ya mtu aliyepotea peke yake jangwani, na walikuwapo watu kumi wakimsindikiza.

Basi katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa nyuma ya msikiti, aliishi mjane mmoja akiitwa Bi Kidawa. Swala tano hazikumpita, Jumatatu na Alhamisi alifunga, na neno la mtu hakulichukua huku akalipeleka kule. Kasoro yake ilikuwa moja tu, naye aliijua, akaiombea dua kila Ijumaa asipone. Alikuwa na wivu. Si wivu wa vyombo wala wa nguo. Wivu wa mume. Mumewe alikuwa Fundi Makungu, fundi wa kuwamba vitanda vya kamba, hodari hata wakubwa walimtumia gari. Alipokuwa hai, Bi Kidawa aliona wivu kwa vitanda vya watu, jinsi alivyovipapasa. Alipokufa, aliuonea wivu udongo.

Lakini fahari yake ilikuwa kubwa kuliko wivu wake. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, wanawake wenzake mtaani wakiletewa wake wenza kama watu wanavyoletewa barua, yeye hakuletewa. "Mimi chungu changu sikuchangia na mtu," alipenda kusema kwenye maulidi, polepole, ili waliochangia wasikie vizuri. Kila mwaka, wakulima wa Bondeni wakishavuna mpunga na kupata nafasi ya kutengeneza vitanda vyao, Fundi alikwenda kwao miezi miwili akawambe. Hilo halikumtia Bi Kidawa hofu. Bondeni alikujua kwa habari: mbu, matope, na wafungua milango.

Mwaka wa pili wa ujane wake alikuja Saumu, binti wa jirani, aliyekwenda kusomea mambo ya kamera akarudi na miwani.

"Bi Kidawa, nataka kutengeneza picha. Ndogo tu. Chumba kimoja, kitanda kimoja, watu wawili. Ile asubuhi aliyofariki Fundi, tangu alfajiri mpaka adhuhuri."

"Na watu watatazama nini hapo?"

"Watakutazama wewe unampa maji."

"Basi?"

"Basi, mama. Mtu akimpa maji mtu wake, hiyo ni picha nzima."

Asubuhi ile Bi Kidawa alikuwa ameifungia ndani kwake kama watu wanavyofungia dhahabu, na mwenye dhahabu, ukweli usemwe, hutamani siku moja ionekane shingoni.

"Nakubali kwa sharti," akasema. "Katika picha hiyo asionekane mwanamke mwingine ubavuni kwa mume wangu. Hata kama yupo paka, awe dume."

Saumu akaapa. Masikini, aliapa kabla ya kusoma sheria.

* * *

Mwenyekiti wa Kamati ya Kila Mtu Awemo, Mheshimiwa Mizani, alikuja kukagua kwa magari sita, maana kamati yenyewe nayo lazima iwe na kila mtu. Wakajipenyeza chumbani kwa Bi Kidawa watu kumi na mmoja na mkanda wa kupimia. Wakapima kitanda, wakapima dirisha, wakampima na Mzee Tindo, mwigizaji aliyechaguliwa kuwa Fundi Makungu, aliyekuwa amelala pale akijizoeza kufa.

"Wangapi humu?" Mheshimiwa akauliza.

"Wawili, Mheshimiwa," akajibu Saumu. "Mume na mke."

"Wawili!" Mheshimiwa akaishika suti yake kifuani. "Binti, unaniambia mimi, katika nchi ya mikoa kumi na mmoja, msiba mzima umekabidhiwa watu wawili? Huu si msiba, huu ni ukiritimba! Huzuni ni mali ya umma. Haiwezekani mkoa mmoja ufiwe na mikoa kumi ikae inatazama. Watauliza: sisi hatuna machozi? Nasi tutawajibu nini?"

Kamati ikapiga makofi, mmoja mmoja kwa zamu, ili asizidishe mtu.

"Sasa tufanyeje, Mheshimiwa? Mume ni mmoja."

"Mume abaki mmoja, hilo la familia hatuliingilii. Wake ndio wataongezwa."

Bi Kidawa alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa. Akalitua sinia chini.

"Wake?"

"Kumi na mmoja, mama. Kila mkoa mke mmoja. Usiwe na wasiwasi, chakula chao ni juu ya serikali."

Imamu wa msikiti alipoyapata maneno hayo akaandika barua yenye adabu kuwa dini imetaja wanne. Kamati ikakaa siku nne, siku moja kwa kila mke, wakasema watu, ikatoka na uamuzi: wanne watakuwa wake kamili, na saba watakuwa wake waangalizi, wenye haki ya kulia bila ya haki ya kurithi. Imamu akausoma uamuzi huo mara mbili, akautia chini ya jamvi, akasema yeye hana la ziada.

Bi Kidawa alitaka kuivunja ahadi siku ile ile. Saumu akampigia magoti.

"Mama, kisa kikishaingia kwenye daftari la kamati ni cha taifa. Kukitoa kunataka saini za mikoa yote. Lakini mwisho kabisa, kabla picha haijaonyeshwa, kuna Cheti cha Ukweli. Mwenye kisa hutia dole gumba kuthibitisha kuwa yaliyomo ni kweli. Bila dole lako haiendi popote."

"Haya," akasema Bi Kidawa. "Na tulingoje hilo dole." Akalifunika kwa upindo wa kanga.

* * *

Wake wakaja kwa basi siku ya Jumamosi. Kila mmoja alikuwa na dakika nne za kilio, na karani alisimama pembeni na saa. Mke wa Ziwani alilia kwa kupiga makofi. Mke wa Nyikani alilia kwa kuimba majina ya ng'ombe. Mke wa Milimani hakutoa sauti hata kidogo, kwa kuwa kwao hulia kwa kunyamaza, na karani akapata tabu kubwa kujua dakika zake zimeanza lini.

Mke wa Mkoa wa Juu alikuwa mwigizaji wa kazi, nyusi zake zimechorwa juu kidogo ya pale Mungu alipoziweka. Yeye alipewa kumpangusa mgonjwa jasho, kwa sababu mkoa wake ulikuwa na mazoea. Na mgonjwa, kabla ya kukata roho, alitakiwa ahutubie, akigusia zao kuu la kila mkoa.

"Ahutubie!" Bi Kidawa alimwambia Saumu. "Mume wangu alikuwa na pumzi ya kijiko. Angeanza kutaja alizeti na pamba, angemaliza keshokutwa."

Alitandika mkeka wake karibu na mlango, akaketi na tasbihi, akatazama. Mzee Tindo hakufanana na Makungu kwa lolote. Makungu alikuwa mwembamba kama mwanzi, huyu kitambi chake kilifika chumbani kabla yake. Lakini kanzu aliyovikwa ilikuwa ya Makungu mwenyewe, imetoka sandukuni kwa Bi Kidawa, na mkono wowote ukitokeza katika kanzu ile, ukashikwa na mwanamke mwenye kucha nyekundu, lo! Tasbihi ikawa inaruka punje mbili mbili.

"Bibi wee," akamwambia yule wa nyusi. "Mbona unampangusa hivyo?"

"Hivyo vipi, mama?"

"Kama unafuta vumbi kabati la kioo. Mume havunjiki."

"Mimi nafuata maelekezo, mama."

"Maelekezo ya mkono nimeyasikia. Ya jicho uliyapata wapi?"

Wa mwisho kushuka kwenye basi alikuwa mke wa Bondeni. Mwanamke wa makamo, mnene wa wastani, kanga za kwendea shamba, viatu vya plastiki. Huyu hakuwa mwigizaji. Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa wilaya yake kujitoa, na mkuu akaandika: "Huyu ni mjane tayari, hahitaji mazoezi." Jina lake Siwema. Kamati ikamtazama, ikaitazama sheria, ikampa beseni la maji alishike karibu na mlango.

"Bondeni imo," akasema Mheshimiwa Mizani. "Tena imo penye maji, ambayo ni uhai."

Miongoni mwa wote kumi na mmoja, Siwema peke yake hakumtia Bi Kidawa wivu. Alimwonea huruma hata akamsogezea mkeka. "Kaa, bibi, hilo beseni zito. Hawa mabwana wakianza kupima hawamalizi."

"Ahsante, Bi Kidawa," akasema Siwema, akakaa. Hakumtazama Mzee Tindo hata mara moja. Alikuwa anakitazama kitanda.

* * *

Siku ya kufa kwa mgonjwa, kamati iliamua kila mkoa upate sehemu ya kitanda, shubiri moja na nusu. Wake kumi wakapanda. Bondeni, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na beseni, ikapewa kuegemea tendegu, yaani mguu wa kitanda, nao ukahesabiwa kuwa shubiri moja na nusu. Mzee Tindo akalala katikati, akavuta pumzi ya kuhutubia.

Alifika kwenye samaki wakavu. Kamba zikalia kama gunia linalopasuliwa, Mzee Tindo akatoweka, na wake kumi wakamfuata. Vumbi lilipotulia ikasikika sauti ya marehemu kutoka chini:

"Jamani mgongo wangu! Nani kanikalia? Mkoa gani huo?"

Walipomtoa, Mheshimiwa akaagiza kiletwe kitanda cha chuma kutoka bohari ya serikali. Bi Kidawa akasimama mlangoni, mikono kwenye mbao za kushoto na kulia.

"Hiki alikiwamba mwenyewe na akafia juu yake. Chuma haiingii humu."

"Basi kiwambwe, mama. Nani ataweza?"

Hapakuwa na mtu. Mafundi wa mji ule walikwisha, na vijana wao walikuwa wakiuza magodoro. Ndipo Siwema alipoliweka beseni chini.

"Kamba ipo?" akauliza. Tangu aje, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kamati kuisikia sauti yake, na karani hakujua aiandike wapi.

Kamba ya makumbi ya nazi ilikuwapo, Bi Kidawa alikuwa na mzigo mzima uliobaki kwa Fundi. Siwema akailoweka kwenye beseni la Bondeni, akakipindua kitanda, akamwambia Mheshimiwa Mizani, "Shika hapa, baba, usiachie," na Mheshimiwa akashika. Akaanzia kwenye mfumbati wa kushoto, ule mti mrefu wa ubavuni, ingawa mafundi wengi huanzia kulia. Akavuta, akapitisha, akakaza kwa goti. Bi Kidawa akaacha kuhesabu tasbihi.

Siwema alipofika mwisho, kwenye mti wa miguuni, hakufunga fundo wanalofunga watu. Aliipitisha kamba mara mbili chini, akaizungusha kwenye kidole gumba, akaimalizia kwa meno, kisha akaugonga mti mara tatu kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko.

"Bismillahi," akasema taratibu. "Alale salama mwenye kulala."

Watu wote wakashangilia. Bi Kidawa masikio yalimlia. Fundo lile, na kugonga kule, na maneno yale yale, Makungu alimwonyesha yeye mwezi wa kwanza wa ndoa, akamwambia: "Hili simwonyeshi fundi mwenzangu. Hili ni la mke wangu."

* * *

Wengine walipokuwa wakila pilau, kijiko kwa kijiko, karani akisimamia, Bi Kidawa alimfuata Siwema uani, penye pipa la maji.

"Bibi wee."

"Labeka."

"Lile fundo."

"Ndiyo."

"Nani kakufundisha?"

Siwema akaendelea kulisugua beseni. "Mume wangu."

"Na huyo mumeo ana jina?"

"Bi Kidawa, jina lake unalijua. Limeandikwa kwenye ule ubao wanaougonga mbele ya kamera."

Bi Kidawa akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. "Uongo."

"Haya."

"Sema kuwa ni uongo!"

"Ukitaka nitasema. Mimi ni mgeni wako, nimekula chumvi yako. Lakini umeniuliza, na mimi najua wewe ni mtu wa swala."

Kuku akapita katikati yao, akawatazama wote wawili, akaondoka.

"Miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Miezi miwili miwili."

"Miezi miwili miwili, bibi. Ukiikusanya ni miaka mitatu na miezi miwili. Usidhani sikuikusanya. Wewe umekula mkate, mimi nimekula ganda, na sasa wewe ndiye unayenikunjia uso."

"Alikwambia nipo?"

Siwema akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Kuniambia! Kidawa hupika hivi, Kidawa husali vile. Kidawa hawezi kukaa na matandu ya wali kwenye chungu. Kitanda changu alikiwamba huku anakusifu wewe. Wewe hukunijua, ukalala usingizi wako. Mimi nilikujua kila siku kwa miaka kumi na tisa. Sasa niambie, mwenye haki ya wivu nani?"

Bi Kidawa alikuwa bingwa wa maneno ya namna hiyo, yalimjaa mdomoni kama karanga. Siku ile akawa anakwangua kinu kwa ukucha.

"Habari nilizipata baada ya miezi mitano," Siwema akaendelea, "kwa mnunuzi wa mpunga, tena kwa kudokeza tu, baina ya gunia na gunia. Nikaenda kwa shekhe wetu nikamwambia nataka kukaa eda. Akahesabu vidole. Akasema, mama, eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, miezi minne na siku kumi; yako imekwisha. Imekwisha kabla sijaianza, Bi Kidawa. Majirani wakanipa pole ya haraka haraka, kama mtu aliyefiwa na kuku. Kesho yake nikaenda shamba. Redio iliposema serikali inataka wajane wa kumlilia Fundi Makungu, nilifika kwa mkuu wa wilaya taarifa ya habari haijakwisha. Nikasema, nitamlilia, hata kwa beseni."

Akaukamua upindo wa kanga yake.

"Nikuulize moja, kisha nitanyamaza. Mwisho alisema nini?"

Bi Kidawa alikijua alichosema. Kilikuwa maneno machache, alikuwa nayo miaka miwili, na hakuwahi kumwambia hata Saumu, kwa kuwa aliyaona hayana maana. Sasa, pale juu ya kinu, maana ilimjia yote kwa mara moja, ikamchoma.

"Hakusema kitu," akajibu. Akainuka, akaingia ndani, akatia udhu upya.

* * *

Kesho yake Mheshimiwa Mizani alikuja na Cheti cha Ukweli ndani ya kitambaa cha mahameli. Lakini kwanza palikuwa na malalamiko. Mikoa kumi ilikuwa imeandika barua moja: Bondeni imeonekana kwenye picha dakika arobaini ikiwamba kitanda, na haikutoa hata chozi moja. Huo ni upendeleo.

"Mwenye kisa ni wewe, mama," akasema Mheshimiwa. "Tumpunguze?"

Siwema alikuwa amesimama pale pale pake mlangoni.

"Mtoeni," akasema Bi Kidawa. "Mtoeni kabisa."

"Mama!" Saumu akaita.

"Nilitoa sharti, sikutoa?"

Mheshimiwa akaandika kwa furaha. "Imeamuliwa. Mwakilishi wa Bondeni ataondoka, beseni litabaki. Bondeni itawakilishwa na beseni." Kamati ikapiga makofi kwa zamu. Siwema akalikabidhi beseni kwa karani kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto, akachukua furushi lake akatoka.

Bi Kidawa alingoja moyo utulie. Haukutulia. Wakamwekea cheti mbele, wakalitia dole lake wino, na karani akasoma: "Mimi mwenye kisa nathibitisha, mbele ya Mwenyezi Mungu na mikoa kumi na mmoja, kwamba aliyekuwamo yumo, na asiyekuwamo hayumo."

"Mbele ya nani?"

"Mwenyezi Mungu na mikoa kumi na mmoja."

"Mikoa haina taabu," akasema Bi Kidawa.

Dole lake likasimama hewani, wino ukimchuruzika kifundoni. Wivu ulikuwa unamwambia: tia, nani atajua? Mtaa mzima utasema wewe ndiwe uliyekuwa peke yako. Hawa wanawake wenye nyusi kila mtu anajua ni mchezo. Yule ndiye wa kweli, na yule ameondoka. Tia. Lakini alifundishwa chuo cha Kurani, akiwa na meno ya utotoni, kuwa iko siku viungo vya mtu vitasimama kumshuhudia mwenyewe, na akaliona dole lile limesimama siku hiyo, jeusi vile vile, likisema mbele ya viumbe wote.

"Mheshimiwa," akasema. "Andika. Fundi Makungu alikuwa na wake wawili. Mimi, na huyo mliyemtoa."

Mzee Tindo akafungua jicho.

"Wawili?"

"Wawili. Hawa kumi waliobaki ni wenu, nendeni nao salama."

Mheshimiwa Mizani akamhurumia kwa dhati. Akavuta kiti. "Mama yangu, sisemi kwamba unasema uongo. Lakini ukweli wako hauna uwiano. Una mikoa miwili tu ndani yake! Serikali haiwezi kuwaonyesha wananchi ukweli wenye upendeleo."

"Basi dole sitii."

"Usitie, mama. Umechoka. Sheria yetu haimlazimishi mtu." Akageukia kamati. "Ateuliwe Mwakilishi wa Mwenye Kisa."

Akateuliwa yule wa nyusi. Akatia dole, na lilikuwa dole zuri, safi, lilikaa vizuri kwenye karatasi kuliko ambavyo lingekaa la Bi Kidawa.

* * *

Picha ilionyeshwa Siku ya Usawa kwenye uwanja wa taifa. Ikapewa nishani ya picha yenye watu wachache kuliko zote za mwaka ule: walikuwa mia moja na wanne. Saumu aliomba jina lake litolewe, wakakubali, wakaweka jina la kila mtu. Watu wa Bondeni walipoliona beseni wakasimama wakashangilia, maana walikuwa wamezoea kuona mlango.

Bi Kidawa hakwenda. Siku ile alikwenda nyumba ya pili, kwa kina Saumu, ambako Siwema alikuwa amestiriwa, kwa kuwa basi la Bondeni huondoka mara moja kwa wiki. Akamkuta anachambua mchele wa watu.

"Njoo," akamwambia.

Wakaingia chumbani kwa Bi Kidawa. Wamesimama, huyu huku na yule kule, na kitanda katikati.

"Mimi sikupendi," akasema Bi Kidawa.

"Sijakuomba unipende."

"Nasema ili ujue. Isije ikaonekana nimegeuka mtu mwema."

"Nimekusikia, bibi."

Bi Kidawa akakaza ushungi wake. "Juzi nilikudanganya, na Mungu nimekwisha kumwomba msamaha, umebaki wewe. Alisema. Kabla ya shahada alishika mkono wangu, akauliza: 'Mpunga umeshavunwa?' Nikadhani ni homa. Nikamwambia, mpunga gani, Makungu, sisi tuna shamba wapi? Akauliza tena. Nikamwambia, achana na mpunga, taja Mola wako. Akamtaja. Basi."

Siwema akaugusa mfumbati wa kushoto.

"Ulikuwa umeshavunwa," akasema. "Siku tisa nyuma. Nilikuwa nimekwisha kumtwangia."

Ndipo alipolia. Hakulia kwa makofi wala kwa nyimbo. Alilia kama mtu anayetapika, amejishika tumbo, na hapakuwa na karani wa kumwambia dakika zimekwisha. Bi Kidawa akamtazama. Ilikuwa inamuuma. Mume alikuwa ameshika mkono huu, na roho yake ilikuwa inauliza habari za kule. Lakini chozi lile halikuwa la mchezo, na yeye, mtu wa kutazama, alilijua chozi la mke.

Mlango ukasukumwa kidogo. Saumu alikuwa amesimama na kamera kifuani, macho yamemjaa machozi.

"Nirekodi, mama?"

"Ukirekodi tutarudi kuwa kumi na mmoja," akasema Bi Kidawa. "Funga mlango, mwanangu, na wewe ubaki huko nje."

Saumu akaufunga. Siwema akatafuta pa kukaa, akakishukia kitanda upande wa kichwani.

"Si hapo," akasema Bi Kidawa. "Hapo ni pangu."

Siwema akasogea. Bi Kidawa akaketi pake, akaipima kwa jicho ile nafasi iliyobaki upande wa mwenzake, akaona ni kubwa kidogo kuliko anavyostahili mtu, akamwachia.